Kupima Mto kwa Wanyama Wakaao Chini ya Mawe: Mwongozo kwa Mito ya Nairobi

Chupa ya maji inayopelekwa maabara hueleza hali ya mto kwa dakika ile tu iliyochotwa. Mtu akifungulia majitaka saa nane za usiku, na wewe ukafika na chupa yako saa nne asubuhi, uchafu wenyewe huenda umeshapita Dandora na Njiru ukielekea mto Athi, na karatasi ya maabara ikakuonyesha mto usio na kosa. Wanyama wadogo wanaoishi sakafuni mwa mto, yaani tunutu na lava (wadudu wachanga ambao hawajaota mabawa), kaa, konokono, ruba na minyoo, hawaponyoki kirahisi hivyo. Wengi wao hukaa majini kwa wiki au miezi kabla ya kuota mabawa na kuruka, wengine huishi humo maisha yao yote, na hawasafiri mbali. Kila kilichomwagwa mtoni katika muda huo kimewapitia wao: walioshindwa kukistahimili wamekufa au wamesombwa, na waliobaki ndio ushahidi.

Njia inayofuatwa hapa ni ile iitwayo miniSASS, ambayo ilirahisishwa Afrika Kusini kutokana na mfumo wa kitaalamu wa SASS ili itumiwe na wanafunzi na vikundi vya wananchi wasio na darubini. Tanzania nao wana mfumo wao wa jamii hiyo, TARISS, ila huo unahitaji mtu aliyesomea kutambua familia za wadudu moja moja. Ubora wa miniSASS ni kwamba makundi yake ya wanyama ni 13 tu, kila moja na alama yake kulingana na linavyohitaji maji safi, na mtu makini anaweza kuyajua yote kwa siku chache. Upungufu wake, kwa sisi wa Nairobi, ni kwamba huona vizuri tofauti kati ya maji safi na maji ya wastani, lakini hufifia maji yanapokuwa machafu sana, na huko ndiko sehemu kubwa ya mito yetu iliko. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye ngazi za chini, ambazo miongozo mingi huzipita kwa sentensi moja.

Mahali na wakati

Pima angalau sehemu mbili za mto mmoja: moja juu ya mahali unaposhuku kwamba uchafu unaingilia, na nyingine chini yake. Alama ya sehemu moja peke yake haikuambii mengi, kwa kuwa hata mto usioguswa na mtu unaweza kupata alama ndogo kwa sababu ya mchanga au kivuli. Sehemu hizo mbili lazima zifanane kwa mawe, kwa kasi ya maji na kwa mimea ya ukingoni. Ukilinganisha maporomoko ya mawe ndani ya msitu wa Karura na matope ya Njiru, utakuwa umelinganisha mawe na matope, wala hutajua lolote kuhusu uchafu.

Njia hii ni ya maji yanayotiririka. Usiitumie kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ingawa mto Nairobi unaanzia hapo, wala kwenye bwawa la Nairobi karibu na Kibera, kwa maana wanyama wa maji yaliyotuama ni wengine na alama zao zitakupotosha. Anayejifunza atafaidika zaidi akianzia kwenye kijito cha msituni chenye mawe na kivuli, ili macho yake yazoee kuona wanyama wengi wa aina mbalimbali kabla hajakwenda kupima mto Ngong ulipo Mukuru. Ndani ya misitu ya serikali omba ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Mbagathi, unaopakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ni mto wa kupendeza kwa kazi hii, lakini upande wa mbuga usiingiwe bila askari wa wanyamapori, kwa kuwa wenyeji wa humo si wadudu peke yao.

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Wakati wa masika na vuli mafuriko huyageuza mawe na kuwasomba wanyama, hivyo sinia tupu itakueleza habari za mvua tu. Mvua kubwa ikinyesha katikati ya kiangazi, subiri wiki moja au mbili ndipo urudi. Tena usitazame mbingu ya hapo ulipo peke yake: mito hii yote inatoka upande wa Kikuyu, Limuru na Dagoretti, na maji yanaweza kupanda mjini kukiwa na jua kali. Maji yakibadilika rangi ghafla, au majani na takataka zikianza kuelea kwa wingi, toka mtoni mara moja. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu Mathare, na baadhi yao yaliwakuta usingizini.

Vifaa

Wavu unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa waya mgumu uliopindwa kuwa duara au pembetatu, mpini wa ufagio, na kipande cha neti ya mbu au pazia jepesi kilichoshonwa kuwa mfuko wenye kina cha mkono mmoja. Matundu ya neti yasizidi milimita moja hivi. Yakiwa makubwa zaidi, lava wadogo watapita, na yakiwa madogo mno mfuko utaziba kwa tope na maji yatausukuma badala ya kuupenya. Beba pia beseni au sinia nyeupe isiyo na kina, mikebe miwili mitatu ya aiskrimu, kijiko cha plastiki, brashi laini ya kupakia rangi, lenzi ya mkono, daftari na penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa karatasi ikilowa. Weupe wa sinia una kazi yake: wengi wa wanyama hawa wana rangi ya tope, na juu ya plastiki ya bluu au nyekundu hutawaona mpaka wasogee.

Vaa gambuti ndefu na glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko. Sitalipitia hili haraka, kwa kuwa mito ya jiji ina vioo, sindano na mabati, na majitaka yake hubeba vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu. Konokono wa maji baridi nao wanaweza kubeba kichocho, ambacho huingia mwilini kupitia ngozi iliyozama majini, hata ngozi isiyo na kidonda. Mwenye jeraha abaki ukingoni aandike. Katika sehemu zilizochafuka sana, kama karibu na jaa la Dandora, hakuna haja ya mtu yeyote kuingia majini: simama ukingoni, tumia wavu wenye mpini mrefu, na uandike kwamba ulipima kwa namna hiyo, ili safari ijayo ifanywe vilevile. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni na maji safi kabla ya kushika chakula au simu.

Kukusanya

Anza sehemu ya chini ya eneo ulilochagua na upande kuelekea juu, ili tope unalotibua lisikutangulie. Weka mdomo wa wavu ukikabili mkondo na mwisho wake ukiwa umegusa sakafu, kisha simama mbele ya wavu, upande maji yanakotokea, na usugue mawe na changarawe kwa visigino huku ukirudi nyuma polepole. Wanyama wanaoachia mawe hubebwa na mkondo hadi ndani ya mfuko. Mawe makubwa yainue moja moja, uyasugue kwa kiganja mbele ya mdomo wa wavu, kisha uyarudishe kama yalivyokuwa. Baadaye pitisha wavu kwa nguvu chini ya majani na mizizi inayoning'inia majini, na mwisho gusa mchanga na matope ya pembeni. Dakika tano za kazi kwa jumla zinatosha, mradi sehemu zote unazolinganisha zipewe muda uleule na mazingira yaleyale. Anayefanya dakika tano juu na robo saa chini atakuta wanyama wengi zaidi chini, na atakuwa amejidanganya mwenyewe.

Pindua wavu ndani ya sinia yenye maji ya mto yasiyozidi vidole viwili kwa kina, ondoa majani makubwa baada ya kuyasuuza, kisha tulia. Kwa dakika moja ya kwanza utaona uchafu mtupu. Tope likishatua, kijiti kimoja kitaanza kutembea, punje ya changarawe itatoa miguu sita, na kitu chembamba kitachapuka kutoka pembe moja hadi nyingine. Wape wanyama nafasi ya kujionyesha kabla hujaanza kuwafukuza kwa kijiko.

Kuwatambua

Kundi lenye alama kubwa kuliko yote, 17, ni tunutu wa wadudu waitwao Plekoptera. Ana mikia miwili mirefu, kucha mbili katika kila mguu, na vishungi vya matamvua ya kupumulia chini ya kifua, kwenye mashina ya miguu. Hupenda maji ya baridi, ya kasi na yenye oksijeni nyingi, hivyo usishangae ukikosa hata mmoja ndani ya jiji. Ukimpata, mtazame mara mbili kwa lenzi, kwa kuwa kumwandika kimakosa kunapandisha wastani wako kupita kiasi.

Anayechanganywa naye ni tunutu wa Efemeroptera, wadudu ambao wakishaota mabawa huishi kwa saa chache au siku moja mbili tu. Huyu kwa kawaida ana mikia mitatu kama nyuzi, ingawa wapo wenye miwili, na ndiyo maana kuhesabu mikia peke yake hakutoshi. Angalia ubavuni mwa tumbo: ana matamvua yaliyopangwa pande zote mbili, na mara nyingi utayaona yakipepea hata yeye mwenyewe akiwa ametulia. Kundi hili limegawanywa mara mbili. Wale wembamba wenye umbo la samaki mdogo, wanaoogelea kwa kuchapuka, hupata 5, kwa sababu baadhi yao huvumilia uchafu wa wastani. Wengine wote, wakiwemo wale bapa wanaojibandika chini ya mawe na kutembea upande upande kama kaa, hupata 11.

Mtego wa pili uko hapa hapa. Tunutu wa kereng'ende wembamba, wale ambao wakikomaa hukunja mabawa mgongoni, nao wana vitu vitatu mkiani. Lakini hivyo ni vipana kama majani, ndiyo matamvua yao, na ubavuni mwa tumbo hawana kitu. Hao hupata 4. Kereng'ende wakubwa huwa wanene, hawana mkia wa kuonekana, na wana mdomo wa chini unaokunjwa kama mkono na kurushwa mbele kukamata windo. Alama yao ni 6. Makosa mengi ya wanaoanza hutokea kati ya makundi haya ya mikia mitatu, na tofauti ya 4 na 11 si ndogo.

Trikoptera, wenye 9, wana mwili laini wa mnyoo, miguu sita karibu na kichwa na kulabu mbili nyuma. Wengine hujijengea ala ya mchanga, vijiti au vipande vya majani na kuishi ndani yake. Wengine husokota wavu mdogo kati ya mawe na kungoja chakula kiletwe na mkondo. Kaa na uduvi hupata 6, mbawakawa na kunguni wa majini 5, konokono 4, minyoo bapa 3, na mwishoni minyoo ya kawaida, ruba na jamii nzima ya nzi na mbu hupata 2 kila kundi.

Kuhesabu

Alama hutolewa kwa kundi, si kwa idadi ya wanyama: kaa mmoja na kaa kumi ni 6 ileile. Jumlisha alama za makundi yaliyopatikana, kisha gawanya kwa idadi ya makundi. Tuseme sehemu ya juu imetoa Efemeroptera wembamba, kaa, kereng'ende wakubwa, Trikoptera, nzi na konokono. Jumla ni 32, makundi ni 6, wastani ni 5.3. Sehemu ya chini imetoa minyoo, ruba, nzi na konokono. Jumla ni 10, makundi 4, wastani 2.5. Katika mto wa mawe, wastani wa 8 au zaidi ni wa mto ulio katika hali yake ya asili, na chini ya 5 ni mto ulioharibika vibaya. Mto wa mchanga hupewa viwango vya chini zaidi, kwa kuwa hata ukiwa safi hauna makazi mengi.

Usiuamini wastani peke yake. Sehemu yenye kaa na kereng'ende wakubwa tu itapata 12 gawanya kwa 2, yaani 6, na kuipita sehemu ya juu ya mfano wetu yenye makundi sita yanayoishi pamoja. Hakuna anayeujua mto atakayekubali kwamba ile ya kwanza ni bora. Andika kila mara namba tatu, yaani jumla, idadi ya makundi na wastani, na wastani ukipingana na idadi ya makundi, mimi huitilia maanani idadi ya makundi kwanza.

Ngazi za chini

Sasa tuje kwenye maji ambayo wengi wetu tutayapima, ambako kundi la nzi na mbu hujaza sinia na miniSASS inalipa lote 2 bila kubagua. Hapo ni lazima ubague mwenyewe, katika safu ya pembeni ya daftari lako.

Lava wa usubi hujibandika kwa sehemu ya nyuma juu ya mawe au mifuko ya plastiki mahali maji yanapokimbia, na huchuja chakula kwa pepeo mbili ndogo za kichwani. Hao wanahitaji maji yanayokwenda na oksijeni ya kutosha, hivyo kuwapo kwao kunaonyesha kwamba mto bado unapumua. Kuna aina moja ya usubi ambayo lava wake hujishika kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Ndiyo iliyokuwa ikieneza upofu wa mtoni magharibi mwa Kenya, hadi ilipoangamizwa kwa DDT katika miaka ya 1940 na 1950.

Chini yao wapo lava wekundu wa vijimbu visivyouma. Wekundu wao ni himoglobini, ambayo huwawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Wachache miongoni mwa wanyama wengine si habari, kwani hata mto mzuri unao. Wakiwa ndio karibu wote waliomo siniani, majitaka yanaingia. Minyoo myembamba myekundu inayosimama kwa vichwa ndani ya tope huku ikipunga mikia ni dalili ya uzito uleule au zaidi.

Ngazi ya mwisho ni ya wale wasioitegemea oksijeni ya majini hata kidogo: buu mwenye mkia mrefu ambao ni bomba la kupumulia, lava wa mbu, na lava wa vile vijinzi vyenye manyoya vinavyoonekana kwenye kuta za choo na bafu. Wanapumua hewa ya juu, kwa hiyo kuwapo kwao hakuthibitishi kwamba maji yana uhai. Kanuni hiyohiyo ikufanye uwe mwangalifu na mbawakawa, kunguni wa majini na konokono wenye pafu. Ukikuta sehemu ambayo makundi yake yote ni ya wapumua hewa, iandike hivyo, hata kama mbawakawa wameivuta namba ikawa juu ya ile ya sehemu yenye lava wekundu na ruba.

Sinia isiyo na mnyama yeyote, hata minyoo, mahali palipo na mawe na mkondo, ni matokeo pia na yana maana yake: majitaka hulisha minyoo, lakini sumu huua wote. Rudia kukusanya mara ya pili ili uhakikishe, kisha utazame kama juu yako kuna karakana, kiwanda cha ngozi au mahali pa kumwaga mafuta ya magari. Wanyama hawatakuambia kama ni risasi, kromiamu au dawa ya kuua wadudu. Hapo ndipo chupa ya maabara inapostahili gharama yake, kwa sababu sasa unajua mahali pa kuichotea. Vilevile, alama nzuri si ruhusa ya kunywa. Kijito chenye Efemeroptera bapa tele kinaweza kuwa na vimelea kutoka kwa ng'ombe wanaonyweshwa nusu kilomita juu yake.

Kuandika na kupeleka

Kabla ya kuondoka, andika tarehe, saa, jina la mto na alama ya kudumu iliyo karibu kama daraja au bomba, aina ya sakafu, mvua ya mwisho, harufu, rangi ya maji, na jina la kila aliyehusika kukusanya. Piga picha ya sinia ukiwa umeweka rula au sarafu kando ya wanyama, na picha ya mto upande wa juu na wa chini. Kisha warudishe wanyama majini palepale ulipowatoa, wala usihamishe kaa au konokono kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Suuza na ukaushe wavu juani kabla ya kwenda sehemu nyingine, kwa kuwa lava mmoja aliyenasa kwenye mshono anaweza kuongeza kundi zima mahali asipokuwepo.

Vipimo vya kiangazi kimoja vinafaa kwa mazungumzo ya kijiji. Vya viangazi vitatu mfululizo, sehemu zilezile, vinaweza kuwekwa mezani. miniSASS ina ramani kwenye intaneti inayopokea matokeo ya yeyote aliyepima. Malalamiko kuhusu uchafu hupelekwa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo husimamia kanuni za ubora wa maji, na yanayohusu matumizi ya mto wenyewe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Katika barua, tanguliza majedwali mawili, la juu na la chini ya bomba au mtaro unaoulalamikia, yenye tarehe ile ile na dakika zilezile za kukusanya, halafu picha, kisha ombi moja lililo wazi: maafisa wachote sampuli kwenye mtaro huo, na ikiwezekana wachote usiku.